Mwezi Kuzaliwa Siyo Mwezi Kuandama

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa jumuiya na wazazi wao baada ya swala ya Alasiri.)



Nimeombwa niseme machache juu ya mwezi. Mimi si shekhe wa kutoa fatwa, ni mwanafunzi wa fizikia tu niliyepitia madrasa. Basi nitawaletea yale tunayozungumza idarani kwetu saa ya chakula cha mchana, na fatwa nitawaachia wenyewe.

Kila Jumatano saa saba tuna kikao cha falaki. Si somo, hakuna mtihani, wala hakuna anayeita majina. Mmoja anashika chaki, wengine wanakula chapati zao, na yeyote ana ruhusa ya kumkatiza msemaji: "Hapo sijaelewa, rudia." Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anambana mhadhiri kwa maswali, na mhadhiri hakasiriki. Desturi hii si yetu peke yetu. Kule Princeton, Marekani, marehemu John Bahcall, bingwa wa elimu ya jua, aliendesha chakula cha mchana cha namna hii kila Jumanne kwa miaka mingi, na mgeni aliyekaa mezani aliweza kuombwa ghafla aeleze utafiti wake. Ramadhani kikao chetu hakifungwi. Tuliofunga ndio tunaowahi viti vya mbele, maana hatuna sahani ya kutushughulisha!

Sasa, Ramadhani iliyopita mwenzetu mmoja asiye Mwislamu aliuliza: "Jamani, kompyuta zipo, mbona kila mwaka mnagombana juu ya mwezi?" Swali la haki, na linachoma. Sote tunaijua nyumba ambayo baba amefunga na mwana amevaa kanzu ya Idd. Mama afanyeje, apike biriani ya mchana au futari?

Msemaji wa siku ile alichora ubaoni duara tatu: jua, mwezi, dunia. Akasema tatizo moja ni kwamba tunaita mambo mawili kwa jina moja. Kuna mwezi kuzaliwa, yaani pale mwezi unapopita upande wa jua, na upande wake wenye mwanga unatupa kisogo. Tukio hili hurudi kila baada ya siku 29 na nusu hivi, na ndilo linaloandikwa "mwezi mpya" kwenye kalenda za ukutani. Halafu kuna mwezi kuandama, yaani jicho la mtu kuuona baada ya jua kutua. La kwanza linajulikana kwa hesabu miaka mingi kabla. La pili linataka mwezi uwe umejitenga na jua vya kutosha, na mbingu iwe safi.

Mfano ni huu. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa kaskazini mwa Kenya, upande wa Turkana, yapata saa kumi na moja na nusu jioni. Kupatwa kwa jua ni nini? Ni mwezi kupita mbele ya jua, basi. Haikupita saa moja jua likatua, na mwezi ukiwa bado umelibandikia. Jioni ile mtu akija kuapa kwamba ameuona mwandamo, tumwambie nini?

Mwezi hujitenga na jua kiasi cha nusu digrii kwa saa, kama digrii 12 kwa siku. Mfaransa André Danjon, miaka ya 1930, aliona kwamba chini ya digrii 7 hivi mwandamo hauonekani. Pigeni hesabu wenyewe: saba gawanya kwa nusu, kama saa 14. Na kweli, mwaka 1990 Mmarekani Stephen O'Meara aliuona kwa macho matupu ukiwa na umri wa saa 15 na dakika 32, na watu wa falaki wakaiandika kama rekodi. Kwa hiyo mwezi wa saa tano au sita, hata wakija mashahidi kumi, mimi nasema wameona kitu kingine. Ndege, wingu, au nyota ya Zuhura.

Lakini kuna hili lililotugawa mezani. Tarehe 8 Julai 2013, Ramadhani ikiwa mlangoni, Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi dakika ile ile ya kuzaliwa, mchana, kwa kamera na miale isiyoonekana kwa jicho. Je, umeandama? Wengine walisema ndiyo. Kwa fikra yangu hapana, kwani bedui jangwani hakukalifishwa kuwa na kamera ile.

Na msidhani hesabu hizi ni za Wazungu. Al-Khwarizmi kule Baghdad, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, alishughulika na hesabu za kuonekana kwa mwandamo. Ila hesabu haiwezi kutuambia kama Mkenya afuate mwandamo wa hapa au wa Makka. Hilo ni la fiqhi, na idarani hakuna aliyejaribu kulijibu.

Sisi wa karibu na Ikweta tumependelewa. Kwetu mwezi hushuka karibu wima nyuma ya jua, lakini London kuna majira ambapo hulala pembeni na kupotea kwenye ukungu wa upeo. Tatizo letu ni mawingu. Na ndugu zangu wa Mombasa, mnaokwenda ufukweni kuutafuta: bahari yenu iko mashariki! Geukeni nyuma, mtazame bara.

Tarehe 29 Ramadhani, inshallah, tutapanda juu ya paa la msikiti robo saa kabla ya Maghrib. Darubini isielekezwe kamwe kwenye jua kabla halijatua, litapofua macho. Atakayekuja aje na tende zake.

Wabillahi tawfiq. Sasa maswali, tuanze na akina dada kule nyuma.