Kipepeo na Mti Wake

Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede, yuko kipepeo ambaye wataalamu humwita Papilio dardanus. Dume ana rangi ya manjano hafifu, na mikia miwili mabawani. Majike wengi huiga rangi za vipepeo wachungu, ili ndege wasiwale. Lakini kiwavi wake hana hila: chakula chake ni majani ya miti ya jamii ya mndimu; akiyakosa, hufa. Tangu mwaka 1993 wakulima wa kando ya msitu hufuga viwavi wa namna nyingi, wakawauza ng'ambo wangali katika maganda yao. Basi, aukataye msitu hukata chakula cha kiwavi, na riziki ya jirani yake pia.