Kuchora Mwili Huanzia Mfupani
(Mazungumzo kwa wachoraji chipukizi, Kisumu)



Mwaka 1922, huko Mumias, mwendo usio mrefu kutoka Kisumu, alizaliwa Gregory Maloba. Alifika Makerere akafundishwa na Margaret Trowell. Mama huyo alikuwa amesomea sanaa London, lakini hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia tukio, kisha kila mmoja akachora alivyoliona kichwani mwake. Baadaye Maloba alisoma Uingereza, akarudi Makerere kufundisha uchongaji. Sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala tangu 1962, ambamo mtoto ameinuliwa juu kwa mikono miwili, ni kazi yake.

Kuona kichwani ni mwanzo mzuri. Mwili, hata hivyo, humuumbua anayeukisia.

Anayeanza humchora mtoto kama mtu mzima aliyepunguzwa. Apime: mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake kama saba na nusu, mtoto mchanga, vinne hivi. Mkono nao huwashinda wengi. Kutoka kiwiko hadi kifundo kuna mifupa miwili. Kiganja kikitazama juu, mifupa hiyo hulala sambamba. Kikigeuzwa chini, mmoja huvuka juu ya mwenzake na umbo lote hubadilika. Asiyejua hilo huchora bomba la maji.

Vitabu vya mifupa ni ghali. Ufuo wa Dunga ni bure. Mvuvi anapovuta nyavu akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega lake hushuka. Penseli na daftari la shule vinatosha. Ila mwombeni ruhusa kwanza, yuko kazini.

Tena kazi hii si mapambo tu. Chukueni mchoro wa kunyonyesha kwenye ukuta wa zahanati. Kichwa na mwili wa mtoto vinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja, kidevu kikigusa titi, mdomo ukiwa wazi na kushika sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu. Mchoraji akimpinda mtoto shingo, au akamwacha anashika ncha tu, mama wa mtoto wa kwanza ataiga alichokiona. Chuchu zitachubuka, mtoto atalia njaa, na mama atadhani hana maziwa.

Mchoro kama huo hufutwa ukachorwa upya, kuanzia shingo.