Barabara Kubwa na Maduka Makubwa: Maneno kwa Wafanyabiashara wa Sagana



Ukitoka hapa kwenda Nairobi, pale Roysambu unaiona Thika Road Mall. Ilifunguliwa 2013, barabara ya Thika ikiwa bado mpya. Mpangaji mkuu alikuwa Nakumatt. Akaondoka, Carrefour akaingia. Jengo likabaki vilevile. Walioumia ni waliompelekea bidhaa kwa mkopo. Kampuni hiyo ilipoingia kwenye ufilisi 2020, ilidaiwa mabilioni ya shilingi.

Leo nasi tuna barabara pana, Kenol hadi Marua. Wewe unayeuza mchele wa Mwea au nyanya, mnunuzi mkubwa akija, usidanganywe na vioo. Muulize atalipa baada ya siku ngapi, na akuandikie.

Haya, karibuni maswali.