MSITU NI MTAJI WA CHAMA USIOANDIKWA DAFTARINI

Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku na wafuga nyuki



Kila mwisho wa msimu chama cha msingi hufunga hesabu zake. Mbolea iliyokopwa huandikwa, dawa huandikwa, nyuzi za kufungia majani huandikwa, na makato ya kila mwanachama huonyeshwa mpaka senti ya mwisho. Hata hivyo kipo kitu kimoja ambacho bila hicho hata kilo moja ya tumbaku ya mvuke isingefika sokoni, nacho hakionekani katika daftari lolote. Kitu hicho ni kuni. Kuni hutoka msituni, na kwa kuwa msitu hauleti hati ya madai, watu huzihesabu kuwa ni za bure.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Madhumuni ya maelezo haya ni kuonyesha kwamba msitu ni sehemu ya mtaji wa chama, kwamba mtaji huo unaliwa, na kwamba chama cha ushirika kina uwezo wa kuulinda kuliko mkulima mmoja mmoja.

Msitu wa miombo na viumbe wake

Wilaya za Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui mkoani Tabora zimo katika eneo la misitu ya miombo. Misitu ya namna hii imeenea kutoka magharibi na kusini mwa Tanzania hadi Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Angola na kusini mwa Kongo. Jina lenyewe limetokana na mti wa myombo. Pamoja na myombo huota mtundu, muba, mninga, mkurungu na miti mingine mingi, ambayo kila mmoja una kazi yake na majira yake.

Kwa macho ya mpita njia, pori hili ni miti tu na nyasi. Lakini chini ya ardhi pana ushirika mkubwa. Udongo wa miombo kwa kawaida ni wa kichanga na una rutuba haba. Myombo, mtundu na muba huweza kustawi humo kwa sababu ncha za mizizi yao zimezungukwa na kuvu wenye nyuzi nyembamba sana. Nyuzi hizo huenea mbali katika udongo, hutafuta chakula cha mmea na kukipeleka kwenye mizizi. Nao mti hulipa kwa kuwapa kuvu sukari inayotengenezwa na majani. Mvua zinyeshapo, kuvu hao huchomoza juu ya ardhi, na akina mama huingia porini kuchuma uyoga. Miti hiyo ikiondolewa pamoja na mizizi yake, kuvu hukosa chakula, na uyoga wa aina hiyo hauoti tena mahali hapo.

Mchwa nao hubomoa magogo na majani makavu na kurudisha rutuba ardhini. Ndege na wanyama hula furu, mbura na matunda mengine, kisha hutawanya mbegu. Palahala, korongo na pofu hupata malisho. Maji ya mvua, badala ya kukimbia na udongo, huzama polepole na kuelekea mito ya Ugalla na Malagarasi, ambayo mwisho wake ni Ziwa Tanganyika. Mabwawa na mbuga za maji za Malagarasi na Muyovosi yaliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, yakiwa ya kwanza nchini Tanzania kupata hadhi hiyo. Mwaka 2019 sehemu ya Ugalla ilifanywa Hifadhi ya Taifa. Hata hivyo, mnyama, ndege na mto havijui mpaka wa hifadhi. Hali ya pori la kijiji huonekana baadaye katika mto uliomo hifadhini.

Hesabu ya kuni

Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika bani kwa moto unaowaka usiku na mchana kwa muda wa siku zipatazo sita au saba, huku joto likipandishwa hatua kwa hatua: kwanza majani yageuke manjano, kisha yakauke, na mwisho ukauke uti wa jani. Moto ukizimika katikati, majani huharibika na daraja hushuka sokoni. Kwa hiyo hakuna mkulima anayeweza kubana kuni wakati bani limejaa. Kubana kuni hufanywa kabla, katika ujenzi wa bani na katika upandaji wa miti.

Ichukuliwe kwa mfano chama chenye wanachama 200, na kila mwanachama atumie matela mawili ya kuni kwa msimu. Chama hicho kitatumia matela 400 kwa mwaka, na kwa miaka kumi matela 4,000. Mwaka wa kwanza kuni hupatikana nyuma ya bani. Mwaka wa tano hufuatwa kwa mkokoteni. Mwaka wa kumi hapana budi kukodi trekta au lori, na pengine kununua kuni kutoka kijiji kingine. Bei ya tumbaku inaweza kuwa ile ile, na kilo zikawa zile zile, lakini fedha inayobaki mkononi mwa mkulima imepungua. Mwanachama hunung'unika kwamba chama kimemkata mno, ilhali sehemu ya fedha yake imeishia barabarani, katika kufuata mti ambao zamani ulikuwa mlangoni pake.

Tena kuni ni nusu tu ya jambo lenyewe. Shamba la tumbaku huchoka na kuingiwa na minyoo ya mizizi. Mkulima asiyebadilisha mazao huliacha shamba hilo baada ya misimu michache na kufyeka pori jipya. Hivyo msitu hupunguzwa mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya shamba, na mara ya pili kwa ajili ya bani.

Mtaji na faida

Kila katibu anajua tofauti kati ya mtaji na faida. Katika msitu, faida ni ile miti inayoongezeka kila mwaka, na mtaji ni msitu wenyewe. Chama kinachokata kiasi kile kile kinachoota kinakula faida. Chama kinachokata zaidi kinakula mtaji, hata kama mizania yake imekaguliwa na kupata hati safi.

Habari njema ni kwamba miombo haifi upesi. Myombo au muba ukikatwa kwa uangalifu, kisiki huchipua, na machipukizi yakitunzwa huwa miti tena. Mambo mawili ndiyo yanayoua uzazi huo. La kwanza ni kung'oa visiki na kulima mfululizo. La pili ni moto wa mwisho wa kiangazi. Moto unaowashwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita haraka na kuacha miti michanga hai. Moto wa Septemba au Oktoba huunguza kila kitu.

Mninga ni mfano wa kufaa. Mche wa mninga hufa sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi wake ukinenepa ardhini, mpaka siku upate nguvu ya kurusha shina refu kuupita moto. Kisha huchukua miongo mingi, pengine karibu miaka mia, kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Mtu anayekata mninga leo amekata mti ulioanza kukua kabla babu yake hajazaliwa.

Nyuki na mwenye bani

Mwaka 1962 wafuga nyuki wa Tabora waliunda chama chao cha ushirika, na asali na nta za mkoa huo zilikuwa zimekwisha kupata sifa nje ya nchi. Sifa hiyo ilitokana na wingi wa aina za miti. Mtundu na myombo huchanua mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua. Muba huchanua wakati wa masika. Katikati yake huchanua miti mingine na maua madogo. Hivyo nyuki hupata chakula kwa nyakati mbalimbali. Msitu ukibakiwa na aina moja au mbili tu, nyuki hushiba mwezi mmoja na kuona njaa miezi mingine, nao huhama.

Katika vijiji vingi wenye mabani na wenye mizinga hutazamana kama wapinzani. Wenye mizinga hulalamika kwamba muba hukatwa na kuwa kuni, na kwamba dawa hunyunyizwa mashambani mchana nyuki wakiwa kazini. Wenye mabani hujibu kwamba mzinga wa magome hutengenezwa kwa kuubandua mti mzima gome lake, na mti huo hufa. Na kwamba mienge ya warina asali huanzisha moto. Malalamiko yote mawili ni ya kweli. Mara nyingi pia walalamikaji ni watu wa nyumba moja, kwa maana baba analima tumbaku na kijana wake anatundika mizinga. Dawa ikinyunyizwa jioni, mizinga ya mbao ikichukua nafasi ya mizinga ya magome, na mwenge ukizimwa kabla ya kuondoka, ugomvi huo utapungua sana.

Waliokwisha kufanya

Msitu wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, una ukubwa wa hekta zipatazo 9,000, nao ni wa miombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Wananchi wa vijiji vinane vinavyouzunguka walihofia kunyang'anywa, na hofu hiyo iliongeza ukataji. Ndipo yakafanyika mazungumzo, na kuanzia mwaka 1994 vijiji vyenyewe vikakabidhiwa ulinzi. Kila kijiji kiliweka kanuni zake na walinzi wake. Ukataji ovyo ulipungua na msitu ukaanza kurudi, kwa kuwa mlinzi na mwenye mali walikuwa ni mtu mmoja.

Jirani na Tabora, mkoani Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa imebaki karibu tupu. Miti ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya kuangamiza mbung'o, kulima pamba na kuchunga mifugo. Mradi ulianza na desturi ya ngitili, ambayo Wasukuma waliijua tangu zamani: kutenga malisho yasiingiliwe ili yatumike wakati wa kiangazi. Hadi mradi ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimetengwa na kuota miti tena. Kuni zilikaribia nyumbani, dawa za mitishamba zilionekana tena, na ndege waliotoweka walirejea.

Kazi ya chama

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji katika ardhi yake, kuweka sheria ndogo, kutoza ushuru na faini, na kutumia mapato yake. Inaruhusu pia kikundi cha wanakijiji kupewa sehemu ya kuitunza. Chama cha msingi si serikali ya kijiji, wala hakiwezi kujitwalia msitu. Lakini wanachama wake ndio wanaoketi katika mkutano mkuu wa kijiji, na chama kina watu, kumbukumbu na fedha. Kwa hiyo kila chama kinaweza kutekeleza mambo haya:

1. Kufungua daftari la kuni. Katibu aandike kila mwanachama ametumia matela mangapi, yametoka wapi, na kwa gharama gani. Baada ya misimu mitatu mkutano mkuu utaona wenyewe mwelekeo wa mambo.

2. Kuhimiza mabani bora yanayotumia kuni chache, na kuyaweka katika mipango ya mikopo pamoja na mbolea.

3. Kupanda miti ya kuni mapema. Mikaratusi huweza kuvunwa baada ya miaka michache, lakini isipandwe kwenye chemchemi, wala isihesabiwe kuwa badala ya msitu. Shamba la mikaratusi hutoa kuni. Halitoi uyoga wa miombo, wala mninga, wala furu. Msitu usifyekwe ili kupata mahali pa kuipanda.

4. Kubadilisha mazao shambani ili shamba la zamani liendelee kutumika na pori jipya lisifyekwe.

5. Kushirikiana na serikali ya kijiji na afisa misitu wa wilaya kutenga msitu wa kijiji, kupanga moto wa mapema, na kukubaliana sehemu ya kuvuna kuni na sehemu ya mizinga.

6. Kuwaweka wenye mizinga na wenye mabani katika kamati moja, ili malalamiko yamalizwe mezani kabla hayajafika porini.

Ndugu Wanachama, mkulima mmoja akiacha kukata mti, jirani yake ataukata kesho, na yule aliyejinyima ataonekana mjinga. Hiyo ndiyo sababu msitu huisha hata pale ambapo kila mtu anajua thamani yake. Ugonjwa wa namna hii hautibiwi na mtu mmoja mwenye nia njema. Unahitaji watu waliokubaliana, wenye kanuni, wenye kumbukumbu, na wenye uwezo wa kuulizana kila mwaka nani ametimiza na nani hakutimiza. Ushirika uliundwa kwa kazi za namna hiyo. Katibu atakayerudi chamani na kuweka suala la kuni katika ajenda ya mkutano mkuu ujao atakuwa ameanza kazi yenyewe.