Tuandae Kurudi Kabla ya Kwenda: Maandalizi ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito kwa Mgonjwa wa Kalemie

Mada kwa semina ya wauguzi na wahamasishaji wa afya

1. Utangulizi



Katika jimbo letu, ambako tunapima mikono ya watoto kutafuta utapiamlo, kuzungumzia unene uliokithiri kunaweza kuonekana anasa. Hata hivyo, nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedhoofu na mama mwenye kisukari, presha na magoti yasiyombeba tena.

Upasuaji wa kupunguza uzito haufanywi Kalemie. Mwenye uwezo huvuka ziwa hadi Kigoma, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Muhimbili-Mloganzila huweka puto tumboni. Wengine huenda Nairobi, kwenye hospitali kama ile ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Huko mgonjwa hukaa siku au wiki chache. Miaka inayofuata ataiishi hapa, mikononi mwetu. Ndiyo maana nasema maandalizi yaanzie kwenye kurudi.

2. Nani anafaa, na anafanyiwa nini

Tunagawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye mita 1.60 na kilo 90 anapata 35. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unapendekeza upasuaji kuanzia 35, na unaruhusu kuufikiria kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari ambaye njia nyingine hazikumsaidia.

Njia kubwa ni tatu. Puto, ambalo huwekwa bila kupasua, hukaa tumboni miezi kadhaa, kisha hutolewa. Kukata tumbo huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, na kilichokatwa hakirudishwi. Kuunganisha upya huacha kifuko kidogo na kuruka sehemu ya utumbo. Mgonjwa aweze kutueleza kwa maneno yake ni ipi kati ya hizo anayoiendea. Akishindwa, bado hajawa tayari.

3. Maandalizi ya moyo

Kwetu mwili mnene husomwa kama amani ya nyumba, na kukonda ghafla husomwa kama maradhi. Mwanamke akipungua kilo 30 kwa mwaka, majirani watanong'ona kuhusu UKIMWI, au watasema mume amefilisika. Aamue mapema nani ataambiwa ukweli na nani atajibiwa kwa ufupi.

Tumuulize pia anakula wakati gani bila njaa: akiwa na hasira, upweke, au kumbukumbu za vita na kukimbia makazi? Kisu hupunguza tumbo, hakigusi huzuni. Mwenye sonona au ulevi atibiwe kwanza, hasa kwa kuwa baada ya kuunganishwa upya pombe hupanda kichwani haraka zaidi. Tumwambie bila kuficha kwamba ngozi italegea, na nywele zinaweza kupukutika kwa miezi kadhaa kabla ya kuota tena.

4. Maandalizi ya mwili na ya meza

Sigara iachwe wiki kadhaa kabla. Sukari na presha zidhibitiwe. Hospitali nyingi huagiza mlo mwepesi kwa wiki mbili hivi ili ini lipungue na mpasuaji apate nafasi.

Zoezi gumu zaidi ni tonge la bukari. Wengi wetu tunalichovya kwenye sombe na kulimeza karibu bila kutafuna. Baada ya upasuaji tonge hilo linaweza kukwama na kuleta maumivu na kutapika. Ajizoeze sasa: tonge dogo, kutafuna hadi liwe uji, mlo wa dakika 20 au zaidi, maji nusu saa baadaye. Sahani ya pamoja haionyeshi kipimo, hivyo awe na yake, na familia ielezwe kwamba hajajitenga.

Baada ya upasuaji ataanza na vinywaji na supu iliyochujwa, kisha vilivyosagwa, kisha laini, kwa wiki kadhaa. Protini itangulie wanga: ndagala waliosagwa, yai, maharagwe yaliyopondwa. Bukari ije mwisho, tena kidogo.

5. Fedha na safari

Bajeti isiishie kwenye bili ya mpasuaji. Iwe na nauli ya msindikizaji, malazi hadi daktari amruhusu kusafiri, vipimo vya damu na vitamini na madini ya kutumia maisha yote, kama B12, chuma na kalsiamu. Asiyeweza kuvinunua mwaka mzima, asubiri. Njiani asimame na kutembea mara kwa mara, kwa sababu kukaa muda mrefu huongeza hatari ya damu kuganda. Mwanamke apange uzazi: mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na baada ya kuunganishwa upya vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi.

6. Mapendekezo

Kila anayeondoka arudi na barua ya upasuaji yenye aina yake, tarehe na simu ya mpasuaji. Kila kituo kijue dalili za hatari: homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kukosa pumzi, kutapika kusikokoma. Anayetapika siku nyingi apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari. Diklofenaki na ibuprofeni asiandikiwe bila kumuuliza mpasuaji.

Kwa majadiliano: ni kituo gani kati ya vyetu kinaweza kufuatilia wagonjwa hawa kila mwezi, na nani atashika daftari lao?