Je, Yafaa Kulipa Kiingilio Ili Kununua kwa Jumla?

(Mazungumzo na wenye nyumba wa Ongata Rongai na Kitengela)



Neno nitakalowaeleza leo ni la jikoni, walakini lagusa kodi ya nyumba na karo ya watoto pia. Wengi wenu mmesikia habari za maduka ya ng'ambo ambayo mtu haruhusiwi kununua kitu ndani yake mpaka awe mwanachama, naye hulipa ada kila mwaka. Hapa petu nako, katika Rongai, Kiserian na Kitengela, vipo vyama vya majirani vinavyochanga fedha ili kununua chakula kwa jumla, na vingine hutoza kiingilio. Swali linaloulizwa kila mara ni hili: Je, fedha ile ya uanachama humrudia mwenyewe, au hupotea?

Kwanza yafaa tujue duka la namna hiyo hupata faida yake wapi. Katika nchi ya Marekani duka liitwalo Price Club lilifunguliwa mjini San Diego mwaka 1976, na lingine liitwalo Costco lilifungua ghala lake la kwanza mjini Seattle mwaka 1983. Mwaka 1993 kampuni hizo mbili ziliungana. Ghala la Costco halina mapambo. Bidhaa hukaa juu ya zile mbao zilizokuja nazo, na aina zake ni kama 4,000 tu, hali duka kubwa la kawaida lina aina makumi ya elfu. Bei huongezwa kidogo tu juu ya gharama, na sehemu kubwa ya faida ya kampuni hutoka katika ada za wanachama. Tangu Septemba 2024 mwanachama wa kawaida nchini Marekani hulipa dola 65 kwa mwaka. Kwa hiyo mwenye duka hategemei sana sukari uliyonunua. Lililo kubwa kwake ni kwamba mwakani utalipa ada tena. Simwiti mwizi kwa hilo. Ni biashara ya halali, na watu wengi huiona yawafaa. Lakini mnunuzi wa kule huja na motokaa yake, na nyumbani ana friji kubwa na stoo. Mpangaji wa chumba kimoja kule Kware, ambaye kitanda, jiko na vitabu vya watoto vyote vimo ndani ya kuta nne, gunia ataliweka wapi?

Sasa tufanye hesabu, maana katika jambo hili hesabu ni bora kuliko maneno. Tuseme, kwa mfano tu, kiingilio ni shilingi 2,000 kwa mwaka, na kitu ambacho dukani kwa jirani ni shilingi 100, ghalani ni shilingi 95. Basi katika kila mia waokoa shilingi 5. Ili zile 2,000 zirudi, yakupasa ununue bidhaa za shilingi 40,000 kwa mwaka, yaani kama shilingi 3,300 kwa mwezi. Na hapo hujapata faida hata senti moja, umerudi tu pale ulipoanza. Haya, ongeza safari. Mtu wa Rongai ashike barabara ya Magadi mpaka Nairobi mara moja kwa mwezi, alipe nauli ya kwenda na kurudi, mkokoteni wa kufikisha mzigo kituoni, na bodaboda wa kuupeleka mlangoni. Tuseme jumla ni shilingi 350. Kwa mwaka ni 4,200, na pamoja na kiingilio ni 6,200. Sasa ni lazima anunue bidhaa za shilingi 124,000 kwa mwaka, zaidi ya 10,000 kila mwezi, ndipo mambo yawe sawasawa. Tena sijahesabu siku nzima aliyoipoteza njiani, nanyi mwaijua barabara hiyo jioni.

Huenda mtu akasema, "Basi nitabaki na kununua kidogo kidogo." Hilo nalo lina gharama yake. Anayenunua mafuta ya kupima, sukari ya robo kilo na unga wa gorogoro kila jioni, mwisho wa mwezi amelipa zaidi kwa kila kilo kuliko yule aliyenunua pakiti kubwa. Wako watu hupenda kuwacheka kwa hilo. Mimi sioni la kucheka. Mtu alipwaye kwa siku hununua kwa siku, kwa kuwa hana fedha ya mwezi mzima mkononi, na kumwambia anunue gunia ni sawa na kumwambia mwenye kiu achimbe kisima.

Hata mwenye fedha yapasa ajihadhari, kwani shehena ya chakula ndani ya nyumba ina maadui wawili. Wa kwanza ni uharibifu. Unga uliosagwa bila kukobolewa huwa mchungu upesi kuliko ule uliokobolewa, kwa sababu ya mafuta yaliyomo katika kiini cha mahindi. Maharagwe huingia fukusi. Mahindi yenyewe ni hatari kubwa zaidi yakiwekwa mabichi: mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu iliyoota katika mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, na 125 kati yao wakafa. Kanuni ya Kenya ni kwamba unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo cha unyevu, wala mahali pakavu penye kupitisha hewa, asinunue mahindi ya miezi sita kwa sababu tu yalikuwa rahisi.

Adui wa pili ni mkono wetu wenyewe. Sukari ikiwa ya robo kilo, kijiko kimoja chatosha chai; ikiwa ya gunia, vijiko huwa vitatu, na kila jirani aliyeishiwa hujua mlango wa kubisha. Ile akiba ya shilingi 5 katika mia hunywewa hivyo pasipo mtu kuona. Tena fedha iliyogeuka kuwa gunia haiwezi kugeuka kuwa fedha upesi. Mwezi wa Januari shule zinapofunguliwa, mwalimu mkuu hapokei mchele.

Je, tuache kabisa kununua kwa jumla? La. Mwaka 1844 huko Rochdale, katika Uingereza, watu 28, wengine wao wafumaji wa nguo, walichanga pauni moja moja wakafungua duka lao wenyewe la unga, siagi, sukari na shayiri. Faida iliyopatikana waligawana kwa kadiri kila mtu alivyonunua. Pauni ile haikuwa kiingilio cha kuingia dukani kwa mtu mwingine. Ilikuwa hisa yao. Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa. Kadi ya duka ni ahadi ya duka, nayo hudumu maadamu duka lipo. Nakumatt ilipoanguka, hata wadai wake wakakata shauri mwaka 2020 kwamba ivunjwe, zile kadi za wateja zilibaki vipande vya plastiki.

Turudie hesabu yetu kwa njia ya chama. Majirani kumi wa ploti moja au mbili wachange fedha. Wawili waende Nyamakima kwa niaba ya wote, wakodi pikapu ya kurudi, tuseme kwa shilingi 1,500. Kila nyumba yatoa 150 kwa mwezi, yaani 1,800 kwa mwaka, nazo hurudi mtu akinunua bidhaa za shilingi 3,000 tu kila mwezi. Nyumba ya watu watano yaweza kufikia hapo kwa sukari, mchele, mafuta, maharagwe na sabuni ya mche. Tena gunia la kilo 50 halikai kwa mtu. Siku iyo hiyo limekwisha gawanywa, kilo tano tano, na fukusi hapati nafasi. Watu wa Kitengela wana bahati zaidi katika vitunguu, maana magari yatokayo Tanzania kwa njia ya Namanga hupita kwao kabla ya kufika Nairobi. Nyanya na sukuma wiki msinunue hivyo, isipokuwa mtazigawa na kuzipika kabla hazijanyauka.

Viko vyama vya namna nyingine, vinavyochanga mwaka mzima na kununua mara moja, mwezi wa Desemba. Hivyo mimi siviiti vya kununua kwa jumla. Ni vya kuweka akiba, na fedha ya miezi kumi na mmoja yakaa mikononi mwa mtu mmoja. Ugomvi mwingi hutoka hapo. Afadhali kununua kila mwezi, fedha isilale. Mwenye duka alipwe kwa simu ili ujumbe wa malipo ubaki, na risiti isomwe mbele ya wote kabla ya kufungua gunia.

Limebaki neno la mizani. Gunia la kilo 50 likigawanywa mafungu kumi halitoi kilo tano kamili kila mara, kwa kuwa punje humwagika na mkono hutetemeka. Pimeni kwa mizani, msipime kwa gorogoro, kwani bati hubonyea, na mmoja hujaza kwa kilima hali mwingine husawazisha kwa kidole. Na yule aliyeshika mizani siku hiyo, wengine wachague mafungu yao kwanza, yeye achukue litakalobaki.