Mbasa Anaanzia Mtoni

Pale Kitai, njia panda ya kwenda Lituhi, usipa wa Ziwa Nyasa huuzwa kwa kisado, umekauka na bado una chembe za mchanga wa ufukweni. Mbasa ni habari nyingine. Siku hizi mnunuzi humgeuza mara mbili, akauliza bei, akamrudisha mezani.

Tunalalamika samaki wamepungua, tukitazama kilindini. Ziwa hili lina kina cha takribani mita 700, lakini chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni, na samaki haishi huko. Upande wetu milima ya Livingstone inatumbukia majini ghafla, hivyo maji ya kina kifupi, wanakokulia samaki wadogo, ni ukanda mwembamba tu. Ndiko linakokokotwa kokoro, wakati mwingine limeshonewa chandarua cha mbu.

Mbasa naye hupanda mto Ruhuhu kutaga. Akikuta nyavu zimeziba mlango wa mto, hapiti. Doria ya boti ziwani ni nzuri, sikatai, ila mimi ningeanza na mlango huo, miezi ya mvua, kabla ya kununua boti nyingine.